Akaunti ya Marehemu

Mke wa mkaguzi aliunusa mto wa kulalia, akaugeuza, akaunusa upande wa pili, kisha akamtazama mumewe kwa jicho la mtu aliyekwisha kupata sababu ya ugomvi.

"Hii ni dizeli," alisema.

"Dizeli itoke wapi?"

"Si ndilo swali langu? Mtu huna hata baiskeli. Asubuhi basi, jioni basi, mchana kutwa umekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Sasa hii dizeli ya kichwani umepakwa na nani?"

Mkaguzi akacheka, akasema labda ni basi lenyewe. Foronya ikafuliwa, ikaanikwa juani, ikarudishwa kitandani. Kesho yake harufu ilikuwepo tena, upande wake tu, pale pale kichwa kinapolala. Mkewe akaifua mara ya pili kwa hasira, na sabuni ya kutosha mashuka ya hospitali nzima.

Alikuwa mkaguzi wa kodi, kitengo cha usafirishaji, na wenzake walimwita Darubini. Wakaguzi wengine walikwenda kwenye kampuni na mafaili kwapani, wakapewa soda na kiti kibovu, wakaonyeshwa yadi iliyofagiwa na malori mawili matatu yaliyooshwa kwa ajili yao. Darubini hakwenda popote kabla hajamaliza kazi yake mtandaoni. Aliifungua yadi kwenye picha za setilaiti, akayaona malori kutoka juu yamelala ubavu kwa ubavu, hata yale yaliyofichwa chini ya miti aliyatambua kwa vivuli vyake. Alisoma matangazo ya kazi, maana kampuni inayodai ina malori machache haiwezi kutafuta madereva kila mwezi. Alipekua kurasa za wauza matairi wanaopenda kujisifu kwa wateja wao, tovuti za kutafutia mizigo, na zaidi ya yote picha za madereva wenyewe, waliojipiga wameegemea bampa huku namba ya gari ikisomeka wazi. Watu huificha mali kwa mkaguzi, kisha huipiga picha na kuitandaza mbele ya dunia nzima. Darubini aliishi kwa ujinga huo, na ulimfurahisha sana.

Mwaka huo alipewa kampuni ambayo mwenyewe aliitwa na madereva wake Tajiri, wala si kwa heshima. Tajiri hakuwa mjinga. Yadi yake aliiezeka mabati kutoka ukuta hadi ukuta, malori yake hayakuandikwa jina, na dereva aliyepiga picha alifukuzwa. Lakini madereva walikuwa na kundi lao mtandaoni, la siri, ambamo walionyana kuhusu barabara mbovu na kuwatukana mabosi. Ili uambiwe jambo la maana ilibidi mtu wa ndani akujue. Wenzake ofisini walikwisha kujaribu kwa akaunti za uongo zenye picha za wasichana warembo. Walikaribishwa, wakatongozwa mchana kutwa, hawakuambiwa kitu.

Darubini akaja na ujanja wake. Katika kupekua alikuwa amekutana na ukurasa wa dereva mmoja aliyeitwa Masafa, mtu wa mashavu mapana na kofia ya sufi, aliyewahi kumfanyia kazi Tajiri. Ukurasa ulikuwa kimya kwa miaka. Picha ya mwisho ilimwonyesha amekaa kwenye ngazi ya lori, anacheka, na chini yake marafiki walikuwa wameandika: uko wapi ndugu yetu, mbona kimya, tuambie kama u mzima. Kisha nao wakachoka, wakanyamaza.

Mtu mwingine angesoma maneno yale akasikia ubaridi mgongoni. Yeye aliona mlango. Alizichukua zile picha, akafungua akaunti mpya kwa sura ile na jina lile, akabisha hodi kwenye kundi: Jamani, nilipotelewa na simu na mengine mengi. Nimerudi.

Loh, walivyompokea! "Masafa! Si tulikwisha kukulilia wewe?" "Na ile sahani yangu ya chakula uliyokimbia nayo, iko wapi?" Walicheka, wakamtukana kwa mapenzi, wakamweka mstari wa mbele. Naye akaanza kuuliza polepole, kama mtu aliyekaa nje muda mrefu. Lile jeupe bado lipo? Nani siku hizi anaendesha lile la tela mbili? Wakamjibu yote: gari, dereva, njia, mzigo. Tajiri alikuwa ameitangazia ofisi ya kodi malori ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kundi lilimtajia Darubini msafara mzima.

Kisha habari zikamfikia mama yake Masafa.

Alituma ujumbe wa sauti, kwa sababu macho yake hayakuona tena maandishi. "Mwanangu," ilisema sauti ya kikongwe aliyeisogeza simu karibu mno na mdomo. "Wanasema umerudi. Kama ni wewe, sema neno."

Angeweza kuishia hapo. Lazima hili lisemwe, maana watu hupenda kudai kwamba jini huingia lenyewe. Angeweza kuifunga akaunti siku ile ile, ushahidi alikuwa nao. Lakini yule mama, katika kulia kwake, alitaja jambo: kwamba Masafa alipopotea na lori safarini, Tajiri alikuja kwake na watu wawili, akasema mwanao ameliuza gari langu na mzigo wangu akatoroka, kisha akamnyang'anya kiwanja chake kuwa fidia. Na lori lile halikuwepo kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Mtu anadai fidia ya gari ambalo ameiapia serikali kwamba hana! Mkaguzi aliposikia hivyo alisugua viganja.

Alijibu kwa maandishi. Jirani akamsomea mama. Mama akasema maandishi huandikwa na yeyote, anataka sauti. Basi Darubini akaenda kwenye ngazi za nyuma za ofisi, akaweka leso mdomoni, akasema: "Mama, ni mimi. Nimerudi. Nina mafua tu. Umekula?"

Kesho yake asubuhi ndipo mkewe aliponusa dizeli.

Tangu hapo kila siku alimuuliza yule mama kama amekula, maana alidhani hivyo ndivyo watoto wanavyozungumza na mama zao, kisha akamzungusha hadi kwa Tajiri: alikuja na gari gani, alisema nini, nani alishuhudia. Mama alijibu kila kitu. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchangamka.

Jioni moja mkaguzi, mkewe na binti yao mdogo walikuwa mezani wanakula. Bafuni mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito cha mwanamume aliyevuta vumbi siku nyingi. Akatema. Bomba likafunguliwa, maji yakaanza kumwagika.

Mke akabaki na upawa hewani. "Nani yuko bafuni?"

"Hakuna mtu."

"Nimesikia, na wewe umesikia, acha kunifanya mwehu."

Alikwenda kuangalia. Bafuni hapakuwa na mtu, maji yalikuwa yakitiririka, na kwenye taulo jeupe palikuwa na alama za vidole vyeusi vya mafuta, vipana kuliko vyake. Alilikunja lile taulo akalificha nyuma ya ndoo. Aliporudi mezani alisema ni bomba la jirani, kuta nyembamba. Tangu usiku huo mkewe alimlaza mtoto katikati yao.

Ofisini mambo yalikuwa hayo hayo. Mwenzake wa meza ya jirani, mwanamke asiyependa mzaha, alimuuliza asubuhi moja, "Mgeni wako kaondoka?"

"Mgeni gani?"

"Yule bwana mwenye kofia ya sufi. Nimemkuta kwenye kiti chako, kaikodolea macho ramani. Nikamsalimia, hakuitika. Mwambie aoge basi, ofisi nzima inanuka gereji."

Darubini akaigeukia meza yake. Kompyuta yake ilikuwa imewashwa, na kwenye skrini ilikuwepo picha ya setilaiti ya barabara ya mlimani asiyokumbuka kuifungua, msitu mzito huku na huku na barabara ikipindapinda katikati. Alitaka kuifunga. Badala yake mkono ulikwenda kwenye skrini, kidole kikaifuata barabara kona baada ya kona, huku mdomo wake ukitaja kwa sauti ya chini mambo asiyoyajua, hapa breki zinachemka, hapa kuna muuza maji, hapa usimpishe mtu, na mguu wa kushoto chini ya meza ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia klachi isiyokuwepo, mpaka kidole kilipofika kwenye kona moja iliyozama msituni kikagoma kusonga, na yeye, mkaguzi wa serikali, mbele ya wenzake mchana kweupe, akaanza kusinzia kwa usingizi mzito usio wake, na ndani ya usingizi ule akasikia miti ikivunjika. Mwenzake ndiye aliyemtikisa bega.

"Wewe unaumwa?" alinong'ona.

"Sijalala vizuri."

Hakuwa amesema uongo. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Alilala chali kila usiku akisikiliza mtu wa pili akipumua ubavuni mwake, upande wa ukuta, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu. Mchana alijikuta sehemu ambazo hakukusudia kwenda. Mara moja alizinduka akiwa kwenye maegesho ya malori kando ya barabara kuu, amesimama kwenye ngazi ya lori la mtu, mkono kwenye mlango, na mwenye lori akimuuliza kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mzee, unaenda wapi?" Naye alikuwa karibu kutaja mahali.

Yote hayo angeyavumilia. Mwanaume wa aina yake huona haya kuogopa kuliko anavyoogopa. Lakini ikafika alfajiri ile.

Mkewe aliamka na kukuta mtoto hayupo katikati yao. Mumewe alikuwa ubavuni mwake, macho wazi, akitazama dari, na ndipo aliposikia kutoka sebuleni sauti ya mumewe huyo huyo, sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe, ikimbembeleza mtoto taratibu, fanya haraka mwanangu, baba anasafiri, utakaa mbele na baba, utaona milima, hakuna kulala. Akaitazama midomo ya mumewe pale kitandani na ilikuwa imefumba, akainuka bila kujua ameinukaje, akakimbia, akaukuta mlango wa mbele uko wazi na mtoto amesimama kizingitini kwa nguo za kulalia na mkoba wa shule mgongoni, mkono mmoja umenyooshwa juu kama ulioshikwa na mtu mrefu, na nje, kwenye uchochoro ambao hata mkokoteni hupita kwa taabu, injini kubwa ilikuwa ikinguruma mpaka vikombe kabatini vikalia.

Alimdaka mtoto, akaubamiza mlango kwa mgongo. Ngurumo ikakatika.

"Mama, mbona umemfungia baba nje?" mtoto akauliza.

Mkaguzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani.

"Unajua ni nini," mkewe alimwambia. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. "Usinitazame hivyo. Unajua. Tangu siku ya lile taulo ulilolificha, na mimi nikalikuta, unajua. Mimi na mtoto tunakwenda kwa dada yangu. Ukiwa peke yako ndani ya ngozi yako, utakuja kutuchukua. Ukichelewa, usije."

"Mke wangu, nisikilize..."

"Amemshika mkono mwanangu!"

Waliondoka kabla jua halijachomoza. Mkaguzi akabaki na nyumba, na hakuwa peke yake.

Kwa mganga alielekezwa na yule mwenzake wa ofisini. Alimtarajia mzee wa chumba chenye giza. Alimkuta mwanamke wa makamo aliyepanga chumba juu ya duka la vipuri, mwenye viti vya plastiki ukumbini kwa ajili ya wagonjwa na kibao ukutani kilichoandikwa ZIMA SIMU.

"Ulimwitaje?" mganga aliuliza kabla hajakaa vizuri.

"Sikumwita."

"Bwana, nina foleni huko nje. Ulimwitaje?"

Akamweleza yote, akamwonyesha akaunti. Mganga aliitazama ile picha ya mtu anayecheka kwenye ngazi ya lori, akaitazama tena nafasi iliyokuwa nyuma ya bega la mkaguzi, akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Aliyekufa harudi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu maskini amekwisha kupumzika. Lililokuja ni lile lililokuwa likimwendesha. Lipo jini la barabarani, linakaa na dereva miaka, linakula usingizi wake. Ndiyo maana unasikia fulani anaendesha siku nyingi halali, na watu wanamsifu. Siku likiumaliza, mtu analala mara moja, kwenye kona. Likishabaki bila mtu linatangatanga, linasikiliza ule mwito linaoujua. Wewe ukaitika kwa jina la mtu wake. Tena kwa sauti."

"Nifanyeje, mama?"

"Uliyemdanganya kuliko wote ni nani?"

Mkaguzi akainamisha kichwa. "Mama yake."

"Basi nenda kwake kwa miguu yako. Mpe jina lako la kweli na namba yako ya kweli. Mwambie mwanao amekufa na mimi ni mwongo. Ukilikana jina mbele ya mzazi, jini linakosa pa kukaa kwako. Hapo litaomba. Mama akilikataa, limekwisha, litarudi porini. Akilikubali, litakuwa lake."

"Litamfanya nini?"

"Nimekwambia linakula nini. Kijana mwenye nguvu lilimchukua miaka. Kikongwe sijui kama atafikisha miezi." Mganga akamwinamia. "Kwa hiyo sikiliza vizuri. Ukiona anaelekea kulikubali, wewe wahi kusema: hili ni langu. Basi. Litakurudia, uje hapa tutafute njia nyingine, ndefu, ya kuchosha, lakini ipo. Ulilete hapa. Usimwachie yule mama. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya. Nani anafuata?"

Safari ilikuwa ya siku nzima. Kwenye basi kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu ingawa watu walisimama. Kila aliyetaka kukaa alikunja pua akapita. Nyumba ya mama yake Masafa ilikuwa chumba kimoja na kijisebule ukingoni mwa mji, maana kiwanja alikuwa hana tena. Alimkuta amekaa mlangoni anachambua mchele. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake.

Ndani, kupitia mlango ulio wazi, mkaguzi aliona kitanda kimetandikwa shuka jipya, na juu ya mto suruali ya kiume imekunjwa vizuri. Hata hivyo alipiga moyo konde. Akataja jina lake, kazi yake, akamwachia namba yake kwenye simu. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akijibu. Akasema mwanao, mama, alikufa siku nyingi, alidondokea msituni kwenye kona ya mlimani na lori la Tajiri, hakuliuza wala hakutoroka, na mimi nimekudanganya kwa ajili ya kazi yangu.

Mama akaendelea kuchambua mchele.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Kwamba wewe si yeye. Mwanangu alikuwa na kigugumizi, baba. Tangu mdogo. Neno mama lilikuwa likimchukua nusu saa, watoto wenzake wakimcheka." Akatabasamu kidogo. "Wewe lilikutoka tu bila kukwama. Siku ile ile nilijua."

Mkaguzi alishindwa kuinua macho. "Kwa nini basi uliendelea kunijibu?"

"Ulikuwa ukiniuliza kama nimekula."

Alisema hivyo bila lawama, na ingekuwa afadhali kama angemzaba kofi. Mkaguzi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Ndipo akahisi mgongo wake unakuwa mwepesi. Ile pumzi ya pili iliyokuwa ikimfuata tangu kule nyumbani ilipita sikioni mwake, ikamtangulia, na harufu ya dizeli ikavuka kizingiti ikaingia ndani ya chumba. Kitanda kikalia, kama mtu mzito amekikalia.

"M... m... m..." ilisema sauti kutoka chumbani. "M... mama. N... nani huyo?"

Ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika. Yule mama aliinuka bila fimbo, uso wake umefunguka kwa namna ambayo mtu hapaswi kuiona kwa mzazi wa mwingine.

"Mama, usiende," mkaguzi alinong'ona. "Siye. Nakuapia siye."

"Umemsikia?" mama alisema. "Umemsikia anavyosema?"

Alikuwa akivua kandambili asizozihitaji, akinyoosha mikono mbele kama anayetafuta njia gizani ingawa jua lilikuwa bado linawaka uani, na kutoka ndani sauti iliendelea kukwamakwama kwa subira, n... n... nimechoka m... mama, n... nifungulie m... moyo, na mkaguzi alijua kwamba muda ni huu, kwamba maneno yenyewe ni mafupi na mtoto mdogo angeweza kuyasema, na alifungua mdomo ayaseme, akamwona binti yake amesimama kizingitini na mkoba mgongoni, mkono juu, akauona mlango wa shemeji yake ukifungwa usoni mwake, akauona mto wake unanuka miaka yote iliyobaki, na ulimi ukakataa, au yeye akaukataza, na hilo la pili ndilo la kweli.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Karibu kwenu."

Mlango wa chumba ukajifunga nyuma yake taratibu.

Mkaguzi akainama, akaokota mchele kadiri alivyoweza, akaurudisha kwenye ungo, akauweka juu ya kiti ili kuku wasiufikie. Akaondoka. Kwenye basi la kurudi alilala fofofo, mdomo wazi, hakuamka mpaka kondakta alipomgusa.

Mkewe alirudi. Alinusa mto, foronya, taulo, nywele za mumewe, akanusa hata viatu. Hakukuwa na kitu.

"Limeondoka?"

"Limeondoka."

"Limekwenda wapi?"

"Porini," alisema mkaguzi. "Mganga alisema huwa yanarudi porini."

Mkewe akamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu siku ya dizeli, akalia kwa furaha begani kwake.

Ripoti yake ilifika kwa mkuu wa kitengo, nayo ikarudi imechanwachanwa. "Akaunti ya uongo, na sura ya mtu aliyekufa? Unataka tufungwe sote?" Tajiri alikuja na wakili na tai mpya, akakubali kuongeza malori kadhaa kwenye ritani yake ya kodi, wakapeana mikono, wakanywa chai. Lile lori la msituni halikutajwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kulionyesha. Kiwanja kikabaki kwa Tajiri, na Masafa akabaki mwizi kwenye midomo ya watu. Darubini alipandishwa cheo kidogo, cha kumnyamazisha.

Ujumbe wa kwanza wa mama ulikuja upesi, kwenye ile namba ya kweli. "Asante, baba. Mwanangu yupo. Mungu akuzidishie." Sauti ilikuwa na furaha tele. Wa pili ulikuwa wa mtu aliyechoka lakini hataki kulalamika: "Halali, baba. Anataka tuzungumze tu. Nikisinzia ananiamsha. Si vibaya, tuna mengi." Kisha zikapita siku, sauti ikarudi imekonda: "Baba, wewe ni mtu wa serikali, atakusikiliza. Njoo mara moja umwambie anipumzishe. Kidogo tu, hata nikiwa nimekaa."

Hakujibu hata mmoja. Mganga aliwahi kupiga simu kuuliza limekwendaje, naye akasema salama.

Ujumbe wa mwisho aliusikiliza Jumapili mchana, simu ameibana sikioni. Mama alianza kusema jambo, akalisahau, akaanza upya, akalisahau. Nyuma yake, ndani ya kile chumba kimoja, injini ilikuwa ikinguruma. Kisha akaita, si Masafa, wala si baba. Aliita jina la mkaguzi, lile la kweli alilomwachia mwenyewe, akaliita na kuliita kwa sauti ya mtoto anayeomba kulazwa.

Mkaguzi alibonyeza pale panapozuia namba isipige tena, akathibitisha.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Sijui. Namba ngeni," alisema, akamfunika vizuri binti yake aliyekuwa amelala mapajani mwake, maana usingizi ulikuwa umemkolea.